Njia Nzima Mama Hakusema

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na si kwa uzuri wake, ingawa uzuri ulikuwapo. Ni siku tuliyopanda kwenda kutazama maporomoko ya maji milimani, nyuma ya Al Hamra, huku Oman. Sijapata kumhadithia mtu kisa hiki mpaka mwisho wake. Hata babu yako, mume wangu, Mungu amrehemu, alikijua nusu tu. Leo nitakwambia chote, kwa sababu juzi nilikuita kwa Kiswahili mbele ya wenzako, nawe ukaniitikia kwa Kiarabu, tena chini chini. Sikukasirika. Nilikwenda jikoni nikakaa peke yangu, maana katika sauti yako niliisikia ya kwangu ya zamani.

Basi kaa kidogo. Kahawa bado ya moto.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha. Tulikuwa tunakaa Nizwa, nyumba ya kupanga, mimi na mama yangu na kaka yangu Nasor. Baba alikufa kabla hatujaondoka Pemba. Kwa kuwa wazee wetu asili yao Oman, watu walitwambia, "Mmerudi kwenu," nasi tukiitikia ndiyo, lakini mama hakuwa amepata kuiona Oman hata siku moja maishani mwake, na mtu harudi mahali asipopata kufika. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuiga. Kiarabu nilikishika upesi, na baada ya miaka michache nikawa nasomesha watoto wa darasa la kwanza katika skuli ya wasichana. Mama alikuwa na Kiarabu cha sala, na maneno kama kumi ya sokoni. Akitaka samaki huonyesha kidole. Walituita Wazinjibari, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli, na mimi nikiisikia kejeli hata pale ambapo haikuwapo.

Kaka Nasor alikuwa na mwenzake ofisini, kijana wa Al Hamra, jina lake Seif. Aliniona mara moja mlangoni mwa skuli, akauliza mimi binti wa nani, na mambo yakaanzia hapo. Sikufichi, nilimtaka. Alikuwa mrefu, mpole, na kwao kulikuwa na nyumba ya udongo ya ghorofa mbili na mitende waliyoirithi kwa babu wa babu zao. Mimi niliyekuwa nimehama vyumba vitatu vya kupanga katika miaka mitano niliiona mitende ile ndotoni. Nilichokitaka hasa ni kuwa mtu wa mahali, nisiulizwe tena natoka wapi.

Likaja neno kutoka kwao. Mvua imenyesha mlimani, mafuriko yameshapita, wadi, yaani bonde la mto, imetulia na maji yanaporomoka vizuri. Wanawake wa nyumba wanatualika, mimi na mama, tutembee nao mpaka kwenye maporomoko, tule chakula cha mchana huko. Kwa watu wa huku mvua ni sikukuu, jamaa nzima hutoka kuyafuata maji. Lakini kaka alicheka akaniambia kuwa wanaotaka kutazamwa si maji, ni mimi, kwa hiyo nijitayarishe. Nikajitayarisha. Laiti nisingejitayarisha hivyo.

Siku iliyotangulia nikarudi kutoka skuli nikamkuta mama anakunja kanga zake, anachagua ipi atajifunika safarini. Nikamwambia kanga aziache, atavaa shela jeusi. Ndara zake pia aziache. Nilikuwa nimemnunulia viatu sokoni, vya ngozi, vya kufunika mguu wote, vigumu kama ubao, lakini vya heshima. Mama alikuwa na maradhi ya sukari, mwanangu. Daktari alikuwa amemwonya ajihadhari na miguu yake, asiache kitu kikamchuna. Nalijua hilo vizuri, maana daktari alisema kwa Kiarabu na mimi ndiye niliyemtafsiria.

Kisha nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nasali huharibu sala yangu.

"Na kesho, Mama, usiseme Kiswahili. Wale ni watu wakubwa, watatudharau."

"Sasa nitasema nini, mwanangu?"

"Usiseme kitu. Nitasema mimi."

Mama hakuwa mtu wa kunyamaza. Huko Pemba kicheko chake kilijulikana nyumba ya saba, na arusini bila ya yeye ngoma haikukolea. Akaipapasa ile kanga iliyokuwa mapajani mwake. "Haya," akasema. "Kama ndiyo heri yako, nitanyamaza." Akaikunja, akaitia sandukuni.

Wahenga wametwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo alinifundisha yeye, nami nikauacha mbachao wangu mchana kweupe.

Asubuhi kaka akatuchukua kwa pikapu yake, njia ya vumbi mpaka Al Hamra. Walitungoja wanne: mama yake Seif, dada zake wawili, na bibi yao mzaa baba, wakimwita Bibi Shamsa. Mdogo wa umbo, mkavu, miguu peku, fimbo mkononi. Tukaingizwa, tukapewa kahawa na tende. Bibi Shamsa akamgeukia mama, akaanza zile salamu ndefu za watu wa huku, habari yako, habari ya jamaa, habari ya mvua. Mama akafungua kinywa. Mimi nikamtangulia mbio.

"Mama ameamka na koo," nikasema. "Sauti imemkauka."

Uwongo haukai peke yake, huita wenziwe. Bibi Shamsa alisikitika kweli. Akaagiza iletwe asali ya mlimani, ile wanayowawekea wagonjwa na wanawake waliojifungua, akammiminia mama kijiko kwa mkono wake. Mama, mwenye sukari, akanitazama. Nikamwashiria kwa macho anywe. Akanywa, akaletewa cha pili, akanywa pia.

Njia yenyewe haikuwa ngumu. Mwanzo inafuata mfereji wa falaji chini ya mitende, maji yanakwenda pembeni yako na kivuli juu yako. Halafu inatoka kwenye wadi, inapita kati ya matete, inapanda begani mwa mlima kwa mawe, pale kila mtu anatazama miguu yake. Juu zaidi bonde linabana, na mikunazi na mitini ya porini imeshikana mpaka jua linaingia vipande vipande. Kwa miguu ya kijana ni mwendo wa saa moja na nusu. Sisi tulikwenda polepole zaidi, na mimi nikiwa mbele na dada zake Seif, nazungumza Kiarabu changu kizuri, nachagua kila neno kama anayechagua mchele. Mama alikuwa nyuma na Bibi Shamsa. Nilimsikia yule mzee akimwonyesha hiki na kile, na mama hakutoa hata sauti ya kuitikia.

Tulipofika kwenye chemchemi ya katikati tukasimama kunywa maji. Mama akanifikia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akanivuta mkono wa nguo yangu, mara moja, halafu tena.

Nilijua anataka kusema kitu, na nilijua atakisema kwa lugha gani. Dada mkubwa wa Seif alikuwa pembeni yangu, ananieleza arusi zao huchukua siku ngapi. Nikamgeukia mama kwa tabasamu, nikamwambia kwa Kiarabu: baadaye. Neno hilo alilijua. Lilikuwa moja katika yale kumi ya sokoni. Akauachia mkono wangu.

Mwanangu, nimezika mume, nimezika ndugu, na sijaona uzito kama wa mkono ule uliponiachia.

Maporomoko umeyaona kwenye picha zako, lakini siku ile yalikuwa na nguvu za mvua mpya. Maji yalianguka kutoka juu ya mwamba kwa upana wa chumba hiki, na upepo wake ukatupiga usoni kabla hatujafika. Mama alisimama. Kijijini kwao, nyuma ya mikarafuu, ulipita mto, na wasichana wakifulia hapo wakiimbiana kutoka ukingo mmoja hadi mwengine. Tangu tufike Oman alikuwa akiutaja mto ule kila tulipokosa maji ya bomba. Sasa machozi yakamtoka, akafungua kinywa kwa furaha, akanyoosha mkono kuyaonyesha maji. Halafu akanikumbuka. Akanitazama, akafunga kinywa, akainama kunawa uso.

Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Wakapakua wali na nyama. Bibi Shamsa akakaa karibu na mama, akaniomba nimuulize: walikaa wapi huko Pemba, na je, walipata kuwajua watu wa Al Hamra waliohamia huko zamani? Sikumuuliza. Nikajibu mwenyewe kuwa sisi tulikuwa watu wa mjini, hatukujuana na wengi. Yule mzee akasema si neno, akatazama maji. Nilidhani nimevuka mtihani.

Wakati wa kuteremka mama akabaki nyuma sana. Mara nikasikia fimbo ya Bibi Shamsa ikigonga mawe, anatuita. Tukarudi. Mama ameketi juu ya jiwe na Bibi Shamsa amepiga magoti mbele yake, anakivuta kile kiatu. Kilikuwa hakitoki. Ngozi ilikuwa imelowa na kugandamana na soksi, na soksi ilikuwa nyekundu mpaka kifundoni.

"Taratibu, mama, taratibu," mama akasema.

Sauti ilitoka safi, haina koo wala mkwaruzo. Bibi Shamsa akainua kichwa. Hakumtazama mama, alinitazama mimi.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Mama yako ametembea juu ya damu kwenda na kurudi. Yeye hana Kiarabu, wewe ndiye ulimi wake. Ulikuwa wapi?"

Mama hakuyafahamu maneno, lakini hasira haihitaji mkalimani. Akamshika yule mzee begani akamwambia, "Usimgombeze. Mtoto huyu, hakujua."

"Amesema nini?" Bibi Shamsa akaniuliza.

Basi nikasimama pale njiani, mbele ya mama yake Seif na dada zake, nikatafsiri. Nimetafsiri barua, nimetafsiri hospitali na mahakamani, lakini sijapata kutafsiri maneno magumu kama yale manne ya kunitetea. Nilipomaliza, Bibi Shamsa akamfuta mama damu kwa upindo wa shela lake mwenyewe. Halafu akasema, bila ya kunitazama, kuwa kaka yake alikwenda Pemba akiwa kijana na akafa huko. Alirudi mara moja tu kuwaona. Na yeye mwenyewe, Bibi Shamsa, ndiye aliyewataka wanawake wa nyumba waandae matembezi haya, na si kwa ajili ya kunikagua mimi. Alisikia mama yangu ni mtu wa Pemba, akataka kukaa naye karibu ya maji asikie anavyozungumza.

"Nilitaka kuisikia lugha aliyokufa nayo ndugu yangu," akasema. "Neno moja tu ninalo. Alitufundisha alipokuja." Akamgeukia mama, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akatamka polepole, kwa lafudhi ya Kiarabu chake cha mlimani: "Karibu."

Mama, na mguu unavuja damu, akamwinamia kwa adabu zote za kwao. "Starehe, dada yangu," akasema. "Starehe."

Hapo ndipo nilipolia, na nilikuwa nimechelewa.

Walimteremsha kwa punda. Mama yake Seif hakunisemesha tena njia nzima, wala mimi sikuweza kumwangalia. Kaka akatupeleka hospitali moja kwa moja. Kidonda kilikataa kupona, kama vidonda vya sukari vinavyofanya, na kabla ya mwezi wa pili kwisha mama alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Wenyewe wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mambo yaligeuka: mkuu ndiye aliyesikia la mtoto, na guu likawa lake.

Posa nayo ikavunjika. Kaka aliletewa maneno ya adabu, kwamba nasibu haikuandikwa. Lakini Bibi Shamsa alinitumia yake mbali, kwa mdomo wa dada mkubwa: "Mama nimempenda. Binti namwogopa." Nilikaa nayo ile kauli miaka mingi nikiitafutia makosa. Haina. Nilikuwa nimeogopa watatukataa kwa Kiswahili chetu, kumbe nilikataliwa kwa kukificha.

Na usidhani aliacha hapo. Yule mzee kila akishuka Nizwa alikuja nyumbani kwetu kumtazama mama, na chupa ya samli au kapu la makomamanga. Mama akimsemesha kwa Kiswahili, yeye akimjibu kwa Kiarabu, hakuna aliyemwelewa mwenzake ila kidogo, na wakicheka mpaka nikawasikia kutoka jikoni. Nikiingia na kahawa, mama hunyamaza. Huniangalia kwanza. Nikimwambia, "Sema, Mama, sema," ndipo huendelea.

Na haikuwa kwa Bibi Shamsa peke yake. Akija jirani, akija mwalimu mwenzangu, hata alipokuja babu yako kunichumbia, mama alinitazama kwanza. Hakuwa akinilaumu, wala sidhani alijua kuwa anafanya hivyo. Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, akaniambia alishanisamehe siku ile ile juu ya jiwe. Naamini alisema kweli. Lakini macho yake yalikuwa yameshajifunza, na nilichomfundisha mara moja sikuweza kumsahaulisha kwa miaka tisa. Alikufa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Hata kitandani, daktari alipoingia, aligeuza uso kunitafuta.

Siku moja kabla hajazidiwa nilimuuliza alitaka kusema nini pale kwenye maporomoko, alipofungua kinywa. Akafikiri. "Nimesahau, mwanangu," akasema, akanipigapiga mkono. Hakuwa amesahau. Mama alikuwa akikumbuka hata rangi ya mbuzi wa utoto wake. Alinihurumia tu, na neno lile akaenda nalo.

Sasa sikiliza nasaha yangu, na usinione nakusomesha kama watoto wa darasa la kwanza. Jifunze Kiarabu, jifunze Kizungu, ukiweza ongeza na cha nne, elimu haina mzigo. Lakini usimpe mtu heshima kwa kumvua mama yako ya kwake. Anayekutaka, akutake pamoja na ndara za mama yako na kanga yake na maneno yake. Ukipanda njia yoyote na mtu mzima, usitangulie ukamwacha nyuma kwa ajili ya kufurahisha wageni. Akikuvuta mkono, geuka wakati huo huo na umjibu kwa lugha aliyokulelea. Neno "baadaye" ni jepesi mdomoni, ila wengine baadaye yao haifiki. Na kama umeshakosea, rudi upesi, kabla jicho la mzazi halijazoea kukuogopa, kwani msamaha utaupata na jicho lile hutalirudisha.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe watu watakaokupenda na ukoo wako mzima nyuma yako. Akujaalie watoto watakaokuita mbele za watu kwa sauti kubwa, na akuwezeshe wewe pale niliposhindwa mimi.

Haya, inuka. Wenzako wapo uani na dirisha liko wazi. Nipe mkono, unipe na shikamoo yangu, tena kwa sauti.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.